Kupima nyutroni zinazopenya na zinazotawanyika: mwongozo kamili

Kwenye karatasi, kupima upenyaji wa nyutroni ni kazi ya nusu ukurasa. Unahesabu nyutroni zinazofika kwenye kigunduzi njia ikiwa wazi, unaweka sampuli katikati, unahesabu tena, unagawanya. Uwiano unaopatikana, T, unafuata kanuni moja: T = e^(−nσ). Hapo n ni idadi ya atomu zilizopangana mbele ya kila eneo dogo la mwale, na σ ni eneo la mgongano la kila atomu, linalopimwa kwa bani (bani 1 ni 10⁻²⁴ ya sentimita ya mraba). Raha yake ni kwamba huhitaji kujua ufanisi wa kigunduzi wala nguvu ya chanzo, maana vyote viwili vinajifuta unapogawanya.

Shida ni kwamba kigunduzi hakiulizi nyutroni imepitia wapi. Iliyogonga ukuta ikarudi, iliyotawanywa na sampuli ikaangukia humo humo, iliyochelewa kutoka mpigo uliotangulia: zote zinahesabiwa sawa na zile halali. Karibu kila hatua iliyomo humu ipo kwa ajili ya kuzikamata hizo.

Tunafuata kipimo cha muda wa safari (nishati ya nyutroni inajulikana kwa muda inaotumia kufika) kwenye chanzo cha mipigo chenye njia ya mita 10, kwa sababu kinatoa σ ya kila nishati kwa mkupuo mmoja. Ndivyo wanavyofanya kwenye vituo vya GELINA huko Geel, Ubelgiji, n_TOF ya CERN na ISIS ya Uingereza. Kwenye kinu kinachotoa nyutroni mfululizo, kama SAFARI-1 ya Pelindaba, Afrika Kusini, au vile vya aina ya TRIGA vilivyojengwa Kinshasa, itakubidi uweke chopa inayozunguka (diski inayokatakata mwale kuwa mipigo) au fuwele ya kuchagua urefu mmoja wa wimbi. Mengine hayabadiliki sana.

Namba za kuanzia

Nyutroni ya joto la chumba huenda mita 2,200 kwa sekunde, ina nishati ya 25.3 meV (meV ni elfu moja ya elektroni-volti, eV) na urefu wa wimbi wa angstromu 1.8 (angstromu 1 ni 10⁻¹⁰ ya mita). Kwenye nishati hiyo, hidrojeni iliyofungwa ndani ya kitu kigumu hutawanya kwa bani 82, deuteri 7.6, kaboni 5.55, alumini 1.5, chuma 11.6. Kwa kufyonza, boroni ya kawaida ina bani 767, kadmiamu 2,520, heliamu-3 5,333, na gadoliniamu karibu 49,700. Risasi hufyonza 0.17 tu. Hapa ndipo wanaotoka kwenye kazi za eksirei hupotea: wanadhani kizito ndicho kinachozuia, wakati kipande cha polithini kinazuia nyutroni kuliko tofali la risasi la unene uleule.

Jihadhari na hiyo 82 ya hidrojeni. Nyutroni yenye nishati ya eV kadhaa na kuendelea huiona hidrojeni kama atomu huru, na eneo hushuka hadi bani 20.5, yaani robo. Kwenye maji, kwa nyutroni za 25 meV, thamani iko katikati: takriban bani 103 kwa molekuli nzima. Ukichukua namba ya jedwali bila kuangalia nishati, unaweza kukosea mara nne kabla hujagusa chombo.

Chagua unene kabla ya kukata

Kosa la σ ni kosa la T (kwa uwiano) likigawanywa kwa ln T. Ukichagua sampuli nyembamba yenye T = 0.95, kosa la asilimia 1 kwenye T linakuwa karibu asilimia 20 kwenye σ. Kwa T = 0.5, kosa hilohilo linakuwa asilimia 1.4. Kwa hiyo unene una faida, na hesabu ya takwimu peke yake ingekupeleka hadi T ya 0.1 hivi.

Usifike huko bila sababu. Tuseme usuli, yaani hesabu zote zisizo halali, ni asilimia 0.5 ya mwale wazi na hukuuondoa. Kwa T = 0.1 huo usuli ni asilimia 5 ya ulichokipima; kwa T = 0.01 ni nusu yake. Lenga T kati ya 0.3 na 0.6 kwa vitu vya kawaida. Ukipima resonansi, yaani nishati ambapo σ hupanda ghafla kuwa kilele, andaa sampuli mbili au tatu: nyembamba kwa ajili ya kilele, nene kwa ajili ya miteremko yake. Kwa maji, mm 1 inapitisha karibu asilimia 70 ya nyutroni za 25 meV, na mm 2 karibu nusu. Kwa shaba, sm 1 inakupa T ya karibu 0.4.

Kuandaa sampuli

Usipime unene ukadhani umepata n. Kitu cha chuma kinaweza kuwa na vitundu ndani, na unga ndio kabisa. Pima uzito kwa mizani ya kusoma miligramu, pima eneo la uso kwa mikromita au kwa picha yenye kipimo, kisha:

n = (uzito ÷ eneo) × 0.6022 ÷ uzito wa atomu

Uzito ukiwa wa gramu na eneo la sentimita za mraba, jibu ni atomu kwa bani moja kwa moja. Kwa diski ya kipenyo cha sm 5, kosa la mm 0.5 kwenye kipenyo ni asilimia 2 kwenye n na hivyo kwenye σ. Watu huhangaika usiku kucha kukusanya hesabu za kupunguza kosa hadi asilimia 0.3 huku rula ndiyo iliyokwisha kuwaharibia kazi.

Sampuli iwe pana kuliko mwale kwa angalau mm 5 kila upande, na iwe na unene ulio sawa. Usawa huu si urembo. Chukua unga ulioshuka upande mmoja wa kopo, hivi kwamba nusu ya mwale inaona nσ = 1 na nusu nyingine inaona 3. Wastani ni 2, lakini nyutroni zinazopita ni wastani wa 0.368 na 0.050, yaani 0.209, ambao ukiugeuza unakupa 1.57. Umepoteza zaidi ya asilimia 20 na hakuna namba yoyote kwenye kompyuta itakayokuonya. Unga ushindiliwe kuwa kidonge, au uwekwe kwenye kopo bapa linalolala kwa mlalo wakati wa kujaza na kugongwagongwa hadi utulie.

Kisha maji. Chukua unga wa kwatzi: kila gramu ya SiO₂ inatawanya kwa karibu sm² 0.107. Ukiwa na unyevu wa asilimia 1 tu, maji hayo yanaongeza karibu sm² 0.034. Asilimia moja ya uzito imekuwa theluthi ya jibu. Kausha kwenye oveni, nyuzi 110 kwa saa 12 ikiwa kitu kinavumilia, acha kipoe ndani ya chombo chenye silika ya kunyonya unyevu, funga, kisha ndipo upime uzito. Maji mazito yana ugonjwa huohuo kwa njia nyingine: yakiachwa wazi hubadilishana hidrojeni na unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa ifunguliwe mara moja na ifungwe. Gundi, utepe wa plastiki na alama za kalamu ya wino zisiwe ndani ya mwale.

Shika kila kitu kwa glavu. Jasho lina sodiamu, na sodiamu ikipigwa na nyutroni inakuwa Na-24 yenye nusu-maisha ya saa 15. Alumini nayo huwa na mionzi baada ya kupigwa, lakini Al-28 hupungua kwa nusu kila dakika 2.2, ndiyo maana makopo na vishikizo hutengenezwa kwa alumini. Shaba (Cu-64, saa 12.7) itakulazimu kusubiri siku kadhaa, na kobalti (Co-60, miaka 5.3) usiiweke kwenye mwale bila ruhusa ya afisa wa usalama wa mionzi. Kadmiamu ni sumu: ikate kwa mkasi, usiipige msasa wala kuichomelea.

Mpangilio kwenye njia ya mwale

Kuanzia kwenye chanzo, panga hivi: kifunga mwale, kolimeta ya kwanza (tundu linalobana mwale), monita (kihesabu kidogo cha nguvu ya mwale), kishikizo cha sampuli, kolimeta ya pili, kigunduzi. Kolimeta itengenezwe kwa kabidi ya boroni au polithini yenye boroni. Tundu la mm 20 linatosha kwa diski ya mm 50. Sampuli ikae karibu na katikati ya njia, mita 4 hadi 6 kutoka kwa kigunduzi.

Umbali huo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kigunduzi cha kipenyo cha sm 5 kilichowekwa sm 10 nyuma ya sampuli kinameza asilimia 1.5 ya nyutroni zote zinazotawanywa. Inasikika ndogo. Lakini kwa T = 0.1, zilizotawanywa ni 0.9 ya mwale, kwa hiyo unaongeza 0.013 juu ya 0.1: kosa la asilimia 13, na daima upande uleule, T ikiwa kubwa na σ ikiwa ndogo. Sogeza kigunduzi hadi mita 3 na sehemu hiyo inashuka hadi chini ya mbili kwa laki moja. Chumba kikiwa kidogo, bora kupunguza kipenyo cha kigunduzi kuliko kukisogeza karibu.

Kigunduzi cha heliamu-3 kinafaa kwa nyutroni za joto la chumba. Kila mgongano unatoa keV 764, ambazo protoni inachukua 573 na triti 191. Angalia tandazo la mipigo ya kigunduzi (hesabu dhidi ya ukubwa wa mpigo) kabla ya kuanza: kilele cha 764 kiwe wazi, na ngazi mbili chini yake, kwenye 573 na 191, ni chembe zilizogonga ukuta wa bomba kabla ya kumaliza nishati. Weka kizingiti bondeni, chini ya ngazi ya 191 na juu ya mipigo midogo ya gama. Kwa nishati za eV na zaidi, kioo chenye lithiamu-6 kina kasi nzuri zaidi, lakini kinaona gama, na kadmiamu ikiwa karibu nacho itakijaza gama.

Monita iwe na ufanisi mdogo, isile mwale, na iwe kabla ya sampuli. Ikiwa nyuma yake au karibu mno, itahesabu nyutroni zilizorudishwa na sampuli, na utakuwa umegawanya kwa kitu kinachobadilika pamoja na sampuli.

Kuoanisha saa na urefu wa wimbi

Muda wa safari ni t = 252.8 × L × λ, kwa mikrosekunde, mita na angstromu; L ni urefu wa njia na λ urefu wa wimbi. Kwa nishati E ya eV tumia t = 72.3 × L ÷ √E. Usiamini mita 10 za mchoro wala sifuri ya saa; vipime vyote viwili kwa kingo za Bragg, yaani urefu wa wimbi ambapo fuwele za metali huacha ghafla kutawanya. Weka bamba la chuma la sm 1, halafu la alumini la sm 2 au zaidi. Chuma hupitisha nyutroni ghafla zaidi baada ya angstromu 4.05, alumini baada ya 4.68. Kwa njia ya mita 10, kingo hizi huonekana karibu na mikrosekunde 10,250 na 11,820. Tofauti yao inakupa L, na kinachobaki kinakupa sifuri ya saa. Kwa upande wa nishati za juu, thibitisha kwa resonansi ya dhahabu ya 4.9 eV, ambayo hufika karibu na mikrosekunde 327.

Chanzo kikipiga mara 50 kwa sekunde, una milisekunde 20 kati ya mipigo, sawa na angstromu 7.9. Nyutroni iliyo polepole kuliko hapo inaingia kwenye mpigo unaofuata ikijifanya ya kasi. Kwa kazi ya eV weka kadmiamu ya mm 1 kwenye mwale muda wote, nayo itameza kila kitu kilicho chini ya takriban 0.5 eV. Kwa kazi ya nyutroni za polepole tumia chopa.

Mzunguko wa kupima

Usipime sampuli usiku mzima halafu mwale wazi asubuhi. Chanzo huyumba, volti ya kigunduzi huyumba, hata joto la chumba hubadilika. Zunguka kila dakika 10 hadi 20 kwa kishikizo kinachojisogeza chenyewe: wazi, sampuli, kopo tupu, kizuizi, kisha rudia. Sampuli ipate muda mrefu zaidi kuliko wazi kwa uwiano wa 1 kwa √T; kwa T = 0.5 ni mara 1.4. Andika kila mzunguko kwenye faili lake. Mzunguko mmoja ukichafuka unautupa, huupotezi usiku.

Kama sampuli iko kwenye kopo, "wazi" yako ni kopo tupu la aina ileile, si hewa.

Usuli

Hapa ndipo kipimo hufa au hupona. Kufunga mwale na kuhesabu hakutoshi, kwa sababu usuli mwingi unaletwa na mwale wenyewe.

Kwa nyutroni za joto la chumba, weka kadmiamu ya mm 1 mahali pa sampuli. Inapitisha chini ya moja kwa laki moja kwenye 25 meV, kwa hiyo chochote kinachobaki kwenye sehemu hiyo ya muda ni usuli. Kwa nishati za juu tumia resonansi nyeusi: karatasi nene za dhahabu (4.9 eV), tangsteni (18.8 eV) na kobalti (132 eV). Kwenye nishati hizo hakuna nyutroni halali inayopita, na sakafu ya shimo unaloliona kwenye grafu ndiyo usuli. Chora mstari laini unaopita kwenye sakafu hizo na utumie kati yake.

Tahadhari moja ambayo wengi huiruka: karatasi yenyewe inapunguza usuli, na sampuli pia inaupunguza. Usuli wa mwale wazi si usuli wa sampuli. Acha angalau karatasi moja ndani ya mwale katika vipimo vyote, vya wazi na vya sampuli, ili kila kipimo kibebe shahidi wake.

Muda mfu

Baada ya kila nyutroni kigunduzi hulala kwa muda τ. Hesabu halisi ni m ÷ (1 − mτ), m ikiwa hesabu zilizosomwa kwa sekunde. Kwa τ ya mikrosekunde 2 na hesabu 20,000 kwa sekunde unapoteza asilimia 4. Mwale wazi hupoteza zaidi kuliko sampuli, kwa hiyo T ya 0.500 inasomeka 0.510. Kwenye chanzo cha mipigo, m ni kasi ndani ya kila chembe ya muda, si wastani wa sekunde nzima. Mwanzoni mwa mpigo kasi inaweza kuwa mara nyingi ya wastani. Masahihisho yakizidi asilimia 10 popote, punguza mwale badala ya kusahihisha.

Hesabu, kwa mfano wa grafiti

Kaboni ni kipimo cha kujikagua: kuanzia eV chache kwenda juu, σ yake ni karibu bani 4.74 na tambarare. Diski ya sm 5.00, gramu 66.8, ina sm² 19.63, yaani gramu 3.40 kwa sm², na n = 0.1706 kwa bani. Baada ya kusawazisha kwa monita, tuseme wazi ni 100,000 na usuli wake 700. Sampuli ni 44,740 na usuli 500.

T = 44,240 ÷ 99,300 = 0.4455
σ = 0.8085 ÷ 0.1706 = bani 4.74

Kosa la takwimu ni karibu asilimia 0.6 kwenye T na 0.7 kwenye σ, yaani ±0.03. Bila kuondoa usuli ungepata 4.71, na kwa kaboni ungecheka tu. Kwa sampuli nene ungelia. Usitumie grafiti kujikagua kwa nyutroni za polepole: vitundu vyake hutawanya kwa pembe ndogo na σ inapanda bila kosa lako.

Ukipata σ ndogo kila mahali, shuku zilizotawanywa zinazoingia kwenye kigunduzi, mwanya pembeni mwa sampuli, au unga usio sawa. Ikiwa ndogo kwenye vilele tu, shuku usuli. Ikiwa kubwa, na inazidi kadiri nyutroni zinavyokuwa za polepole, shuku hidrojeni.

Kupima zilizotawanyika

Sasa kigunduzi kinatoka kwenye mstari wa mwale na kukaa kwenye pembe 2θ, na unachokitafuta ni nguvu ya mtawanyiko dhidi ya Q = 4π sin θ ÷ λ, kipimo cha jinsi nyutroni ilivyogeuzwa mwendo. Sheria ya unene inageuka. Hapa hutaki T ya 0.5, kwa sababu nyutroni ingegonga mara mbili na pembe yake ya mwisho isingekuwa na maana. Lenga T ya 0.9.

Utapima vitu vinne: sampuli ndani ya kopo, kopo tupu, kadmiamu au kabidi ya boroni yenye umbo la sampuli, na vanadiamu. Vanadiamu hutawanya bani 5.08 pande zote karibu sawa na haina vilele vya Bragg vya maana, ndiyo maana hutumika kusawazisha vigunduzi na pia kutengeneza makopo. Kumbuka tu kwamba inafyonza bani 5.08 nyingine kwa nyutroni za angstromu 1.8, kwa hiyo fimbo yake nayo inahitaji masahihisho.

Kwa pembe ndogo, tumia vyombo vya kwatzi vya mm 1 kwa myeyusho wa maji ya kawaida na mm 2 kwa maji mazito. Pima T ya kila kimoja kwenye mpangilio uleule, mwale ukiwa umepunguzwa, na kizuizi cha katikati (kinachokinga kigunduzi dhidi ya mwale wa moja kwa moja) kikiwa kimeondolewa. Kurudisha kizuizi kabla ya kutoa kipunguza mwale kumeokoa vigunduzi vingi. Kisha:

I = (sampuli − usuli) ÷ T ya sampuli na kopo − (kopo − usuli) ÷ T ya kopo

T zote mbili zipimwe dhidi ya mwale mtupu. Ukisahau kugawanya kwa T, mtawanyiko wa kopo utaondolewa kupita kiasi, na utaona namba hasi kwenye Q ndogo. Hidrojeni huacha sakafu tambarare kwenye Q kubwa. Iondoe mwishoni kwa kipimo cha kimiminika peke yake, si kwa kukisia.

Sampuli ikishapoa na kipima mionzi kikairuhusu, irudishe kwenye mizani ileile. Ikiwa imeongezeka uzito, ni maji, na sasa unajua ni mangapi: hesabu hidrojeni yake, iondoe kwenye nσ, na uandike uzito wote miwili kwenye daftari pamoja na joto la chumba.